Mto wa asubuhi na mto wa jioni

*Alhamisi*

Kaka Mkubwa 19:04: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jumamosi ya mto ndo hiyo imefika, naomba tuongee leo sio tukiwa tumeshafunga kayaki juu ya gari, maana kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka watu wanakuja na mto wa mwezi uliopita vichwani na mto ule haupo tena

Shangazi 19:06: Marahaba mwanangu. Hatujambo. Haya sema.

Kitindamimba 19:06: mi nshapakia kila kitu!! helmeti, kasia, sketi ya kayaki (ile ya kuziba tundu unapokaa maji yasiingie), filimbi

Binamu 19:08: Kipimo cha maji pale mtoni kinasemaje?

Kaka Mkubwa 19:11: Jana saa 12 asubuhi mto ulikuwa chini vizuri tu, ilipofika saa 2 usiku umepanda sentimita 40. Halafu haukushuka wote, leo asubuhi umeanzia juu ya pale ulipoanzia jana. Hii siku ya tatu mfululizo

Dada 19:13: Mbona mvua hakuna? wiki nzima jua kali

Kaka Mkubwa 19:18: Ndo hilo hilo dada. Msimu huu jua ndo mvua yetu. Linapiga theluji juu mlimani mchana kutwa, maji yanateremka kwenye vijito, vijito vinajaza mto, ndo maana unakuta mto unafura jioni wakati jua lenyewe linaondoka. Usiku ukiwa wa baridi ya kugandisha, juu kunafunga, asubuhi mto unapumua. Sa hizi siku tatu usiku hakugandi kabisa, yani bomba halifungwi. Na mvua ya joto ikidondokea ile theluji hapo ndo sitaki hata kuwa karibu

Kitindamimba 19:19: basi tuingie alfajiri, maji yakiwa madogo, tumalize kabla hayajapanda

Kaka Mkubwa 19:24: Mdogo wangu umefikiria vizuri ila kuna kitu kimoja. Asubuhi maji madogo ni kule juu karibu na theluji. Yale maji ya jioni yanasafiri usiku kucha kwenda chini, ukienda mbali kuna sehemu kilele chake kinafika saa 6 usiku, nyingine alfajiri kabisa wakati wewe unavaa sketi ukidhani mto umelala. Kila sehemu ina saa yake, lazima usome kipimo cha pale pale unapoingilia, siku mbili tatu nyuma, uone kinapanda saa ngapi

Mjomba 19:27: Mimi huwa nasoma tu hapa lakini leo nauliza. Sentimita 40 ndo nini kwa mtu anayejua kuogelea

Kaka Mkubwa 19:33: Shikamoo Mjomba. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani 1, na mto kama ule unapitisha tani nyingi kila sekunde. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kukusukuma inakuwa mara nne sio mbili. Tena zile sehemu tulivu nyuma ya mawe, zile edi tunazojificha kupumzika na kupanga, maji yakipanda nyingi zinafutika. Mto unakuwa kipande kimoja kirefu, ukipinduka juu hukusanywi pale chini, unakwenda tu

Mjomba 19:34: Marahaba. Sasa nimeelewa.

Shangazi 19:36: Na baridi? Maana nje joto watoto wanavaa kaptula.

Binamu 19:45: Shangazi hilo niachie mimi. Mwaka jana wakati kama huu, jua linachoma, nikaona draisuti, ile nguo isiyoingiza maji, itanipikia ndani nikavaa fulana na suruali fupi. Kwenye lile shimo la maji chini ya mwamba nikapinduka, nikajaribu kujibinua na kayaki nirudi juu mara mbili ikakataa, nikavuta sketi nikatoka. Kitu cha kwanza sio mawe wala nini, ni kifua, kilibanwa nikavuta pumzi bila kutaka nikameza maji. Kaka akarusha kamba ikaniangukia begani kabisa, naiona, nimeishika, vidole havifumbi. Niliizungusha chini ya kwapa ndo nikavutwa. Toka siku ile navaa kwa ajili ya maji, hewa ya juu siijali tena

Shangazi 19:46: Haya maneno hukuniambia mwaka jana.

Binamu 19:47: Niliogopa ungelia Shangazi. Nisamehe

Kaka Mkubwa 19:52: Kwenye maji ya theluji kumbuka namba tatu: dakika 1 ya kwanza unapigania pumzi tu, kama dakika 10 mikono na miguu bado inakutii, na karibu saa 1 ndo baridi inakuzimisha kabisa. Wengi hata hiyo saa hawaifikii, wanazama kwenye dakika ile ya kwanza. Laifujaketi ikibana sawasawa ndo inakununulia hiyo dakika

Dada 19:54: Mdogo wetu amejifunza kwenye maji tulivu tu jamani, lile korongo mnaloshuka si ugumu wa daraja la 4?

Kaka Mkubwa 19:59: La 4 kwa maji ya kawaida. Madaraja ni 1 mpaka 6 lakini namba sio ya mwamba, ni ya mwamba na maji ya siku hiyo. Na mwezi huu kuna miti. Mto ukifura unang'oa miti kingoni unaibana kwenye mawe, maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti, anabandikwa pale. Mti haukuwepo jumapili, jumamosi upo. Ndo maana kona tusiyoiona mwisho wake tunashuka kingoni tunaenda kuangalia kwa miguu, hata kama tumeipita mara 20

Kitindamimba 20:02: sawa kaka. ila nmesubiri tangu mwaka juzi

Kaka Mkubwa 20:05: Najua. Na nataka ukae kwenye mchezo huu miaka 30 ijayo, ndo maana naandika yote haya

*Ijumaa*

Kaka Mkubwa 12:40: Uamuzi: kesho tunafika penye lile jiwe kubwa la kingoni saa 12 asubuhi. Jiwe likionekana nusu, sisi wanne wazoefu tunaingia korongoni, Mdogo anabaki na Shangazi. Jiwe likizama hakuna wa kuingia, wote tunahamia sehemu ya chini, yenye ugumu wa daraja la 2, na Mdogo anakuja.

Mjomba 12:44: Akianguka si asimame tu, pale chini maji ya magoti

Kaka Mkubwa 12:50: Hapana Mjomba hapo ndo penye hatari yenyewe. Mguu unaingia kati ya mawe mawili, mkondo unakusukuma mgongoni, unalala kifudifudi huwezi kuinuka, hata maji ya mapajani. Mdogo sikiliza: lala chali, miguu mbele juu ya maji, vidole uvione. Ukiona edi, geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zote. Usisimame mpaka uwe kwenye maji yaliyolala. Isipokuwa ukiona mti mbele, hapo usiende chali, elekeza kichwa kwenye mti, ogelea kwa nguvu ujirushe juu yake

Kitindamimba 12:52: nmenakili kwenye karatasi

Binamu 12:58: Na ishara: kasia wima juu njoo, kasia limelala hewani simama hapo hapo, filimbi mara 3 ni hatari. Nikijigonga kichwani nauliza uko sawa, na wewe ukiwa sawa jigonge. Kitanzi cha kuvutia sketi kiwe NJE kabla hujasukuma kayaki, nakukagua mwenyewe

Shangazi 13:05: Mimi naacha gari moja mwisho wa safari, nguo kavu na blanketi ndani. Nipeni saa. Nisipowaona saa hiyo napiga simu ya uokoaji, sisubiri kuona haya.

Kaka Mkubwa 13:06: Saa 5 asubuhi Shangazi. Usitusubiri hata dakika

*Jumamosi*

Binamu 05:58: Tumefika. Sauti inasikika toka barabarani

Kaka Mkubwa 06:07: Jiwe halipo. Kuna alama ya maji tu inayopanda na kushuka pale lilipokuwa. Rangi ya udongo, na gogo zima limepita sa hivi tukiwa tumesimama. Tunahamia chini

Dada 06:08: Alhamdulillahi

Kaka Mkubwa 06:12: Imeniuma, sitaficha, nimelisubiri korongo hili mwaka mzima. Tunafunga kayaki

Shangazi 06:13: Nageuza gari, niwakute wapi sasa?

Binamu 06:15: Palepale mwisho wa sehemu ya chini, kwenye mchanga. Saa ni ile ile, 5

Shangazi 10:49: Nawaona! Wanne... watano. Wote watano.

Kitindamimba 11:20: NILIPINDUKA NIKAJIBINUA!! mara ya kwanza kwenye mto unaokwenda, nilisikia mawe yanagongana chini yangu nikiwa kichwa chini nikahesabu mpaka tatu nikalaza kasia

Binamu 11:22: Nimeshuhudia. Alipotoka juu akajigonga kichwani kabla hata sijamuuliza

Mjomba 11:25: Safi sana mwanangu!

Kitindamimba 11:31: Shangazi soksi zangu kavu ziko gari lako au lile la juu? miguu siisikii