Mtoto wa miezi 14 anaanza deikea Usa River, nikague nini?

Mama_Usa: Habari zenu wadau. Narudi kazini, na mwanangu wa miezi 14 atakuwa kituoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Pana usafi. Wanatoa uji wa lishe saa nne, makande mchana. Mlezi mmoja ana watoto 12, na runinga ya katuni haizimwi. Maji ni ya kisima, wanachemsha. Niulize nini kabla sijalipa?

Lishe_Meru: Dada, anza na maji. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno yakizidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi yote inabaki kwenye hayo machache. Ukanda huu wa Mlima Meru, Arusha, visima vingi vinazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kudumu ya mbele yanajijenga sasa hivi ndani ya ufizi, ndiyo maana madoa ya kahawia unayaona miaka mingi baadaye, hayafutiki kwa mswaki. Omba majibu ya kipimo cha kisima. Hawana? Mfungashie maji ya mvua yaliyochemshwa (mvua za kwanza zioshe bati kwanza) au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka bila kubadilika sura, kwa hiyo uliza ulibadilishwa lini.

Halafu makande: wanaweka magadi? Nayo yana floraidi, na mara nyingi ni nyingi sana. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi. Na punje za mahindi kwa umri huo zipondwe, zinakaba.

Mpishi_wa_Watoto: Uji uuone kwenye kijiko. Ukikiinamisha ukamwagika kama maji, mtoto anashiba maji. Ukiwa mzito mno waongeze maziwa, si maji. Unga wa nafaka saba siusifu: nafaka moja na kunde za aina moja zinatosha, na viungo vikizidi hujui ni karanga zipi zilikuwa na ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupika.

Kwa siku apate milo 3 hadi 4 na vitafunwa mara 1 au 2, kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Mtori wenye nyama iliyosagwa ni chakula bora kwake, sijui nani alisema ni wa mzazi tu. Chai hapana, inazuia madini ya chuma.

Mlezi_Kijenge: Mimi hao 12 ndio wananitisha kuliko yote, kama ni wa chini ya miaka 2. Nenda wakati wa kulisha, kaa nusu saa. Je, kila mtoto anaitwa jina lake na kutazamwa usoni, au kijiko kinapita kwenye foleni?

Runinga kwa umri huo haifai kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unaruhusu kuanzia miaka 2, isizidi saa 1 kwa siku. Ikiwaka, mlezi naye ananyamaza. Mtoto akinyoosha kidole kwa kuku, aambiwe "Eeh, kuku! Anakula," kisha angojewe ajibu kwa sauti yake. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaongea mfululizo.

Mama_Usa: Asanteni. Na usingizi?

Mlezi_Kijenge: Saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Waambie wakuandikie amelala saa ngapi, usije ukapigana naye saa mbili usiku wakati aliamka saa kumi.