Karani kakosea herufi moja kwenye mfumo, kiapo nile mimi! Safari ya nne hii Tukuyu–Mbeya

Wakuu, naandika nikiwa Uyole nasubiri gari ya Tukuyu. Baridi inachoma, hasira ndiyo inanipa joto. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na mwingine.

Iko hivi. Mzee alifariki mwaka jana, akaacha kiwanja kimoja hapa jijini. Mahakama ikaniteua msimamizi wa mirathi, na huko sikusumbuliwa hata kidogo. Kimbembe kimeanzia kwenye ofisi moja ya umma nilipopeleka maombi ya kubadilisha jina la mmiliki. Ofisi siitaji, wahusika wakisoma watajijua.

Safari ya kwanza mfumo uko chini. Sawa, hutokea. Safari ya pili mfumo uko juu ila mwenye nywila yuko semina.

Safari ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Jina letu la ukoo lina "ky" katikati, kama majina lukuki ya Wanyakyusa. Faili la mzee la karatasi, la mwaka 1994, lina "ky" safi kabisa na sahihi yake chini. Nimeliona kwa macho yangu, kijana wa masjala alilichomoa kabatini ndani ya dakika tano, Mungu ambariki. Ila walipohamishia kumbukumbu kwenye kompyuta, aliyekuwa anachapa akaweka "ki". Sasa cheti cha kifo "ky", barua ya mahakama "ky", kitambulisho cha Taifa "ky", mfumo wao peke yake "ki", halafu anayeonekana ana kasoro ni marehemu!

Nikamwambia afisa, bosi, si faili lenyewe hili hapa mezani? Akanijibu bila kuinua uso: "Siku hizi hatufuati faili kaka, tunafuata mfumo." Nikaelekezwa niende kwa wakili nikale kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Yaani nitoe elfu ishirini yangu niape kwamba baba yangu alikuwa akiitwa jina ambalo hajawahi kuitwa na mtu yeyote, si nyumbani, si shuleni, si kanisani. Aliyebonyeza vibaya mshahara wake unaingia kama kawaida.

Leo safari ya nne. Kiapo kimepokelewa, kikagongwa muhuri, nikaanza kutabasamu. Kumbe hapa Mbeya hakuna mwenye ruhusa ya kuhariri, ruhusa iko Dodoma. Na Dodoma wanaombwaje? Kwa barua. Ya karatasi, kwenye bahasha. Wakuu, barua ipande basi, ipite Makambako, Iringa, ivuke Mtera, ifike Dodoma ili mtu abadilishe herufi moja kwenye mfumo ambao huyu wa Mbeya ameufungua mbele yangu! Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika hadi Tunduma na Kasumulu mpakani, sijui huku kwetu unapitisha nini.

Na asije mtu hapa kuniambia teknolojia bado changa. Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019. Mamlaka ya Serikali Mtandao ilishajenga mfumo wa taasisi kubadilishana taarifa, GovESB, kazi yake ndiyo hiyo. Tangu 2019 hiyohiyo laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Nenda Mwanjelwa kwa kijana wa laini, ofisi yake ni mwamvuli na stuli: unaweka kidole, jina lako linatokea kutoka NIDA, wale wa vitambulisho vya Taifa, herufi kwa herufi, unaondoka. Wa mwamvuli anaweza, wa ghorofani anataka kopi.

Kwenye kulipa nitasema ukweli, mambo yamenyooka. Tangu uje mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, mwaka 2017 unapata kumbukumbu namba, unalipa kwa simu ukiwa shambani, risiti hiyo. Enzi za kumsubiri mtunza fedha arudi toka chai zimepita. Kwa hiyo kufanya wanajua. Ila katika safari zote nne sijawahi kuambiwa mfumo wa kupokea hela uko chini.

Halafu hizo kopi. Kila safari nimeacha kopi ya kitambulisho changu, sasa ziko nne, na hakuna anayeweza kunionyesha hata moja. Wiki iliyopita hapahapa Uyole nilinunua karanga nikafungiwa kwenye fomu ya mtu: jina, namba ya simu, sahihi, na alama ya gundi palipobanduliwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023! Na mimi zangu zitakuwa zimefunga karanga za nani?

Kama kuna mtu wa Iringa, Njombe au Songwe yaliyomkuta kama haya, aseme alichomokaje, hasa kama kuna njia ya kumfikia mhusika wa Dodoma bila kupanda basi mwenyewe. Wale wa "tafuta mtu wa ndani" mpumzike, hela ya mtu wa ndani sina.

EDIT: Gari limefika, nimekaa siti ya nyuma, simu inaita. Ni yule afisa. "Kaka, ile barua yako ulibaki na nakala? Hapa haionekani."

Nimeshuka. Naulizia steshenari.