Kikundi cha familia: Oveni ya Rehema

Rehema: Shikamooni wakubwa. Oveni imenishinda jamani. Keki moja, bati moja, nyuma kushoto imeungua na mbele kulia bado ni uji.

Rehema: [picha]

Juma: Huko mbele tuletee vikombe 😂

Shangazi: Marahaba mwanangu. Juma tulia. Rehema, uliipasha moto muda gani kabla ya kuingiza keki?

Rehema: Taa ilipozima tu, shangazi, nikaingiza.

Shangazi: Taa ikizima, hewa ndiyo imefika moto. Kuta bado. Ukifungua mlango hewa yote hiyo inatoka, keki inakuta ubaridi. Siku nyingine ngoja dakika 20 zaidi.

Mjomba Hamisi: Kweli, ila hiyo ingechelewesha keki nzima. Haielezi pembe moja kuungua na nyingine kubaki mbichi. Ni ya umeme au gesi? Ina feni?

Rehema: Umeme. Feni iko nyuma, naisikia inazunguka.

Mama: Itupe. Imezeeka hiyo.

Mjomba Hamisi: Dada, subiri kwanza. Rehema, una mkate wa slesi? Washa nyuzi 180, ikishapata moto vizuri panga slesi kwenye wavu wa katikati, zijae wavu mzima. Usizisogeze. Zikianza kupata rangi toa wavu wote, piga picha juu, halafu geuza kila slesi palepale ilipo, upige na chini.

Juma: Mkate mzima unateketea kwa ajili ya utafiti

Mjomba Hamisi: Utakula wewe.

Rehema: [picha] [picha]

Rehema: Mambo ni yaleyale. Nyuma kushoto kahawia, mbele kulia nyeupe pe.

Mjomba Hamisi: Juu na chini rangi zinalingana?

Rehema: Zinalingana mjomba.

Mjomba Hamisi: Vizuri. Chini kungekuwa kweupe kote ningesema koili ya chini, ule waya wa kupasha moto, imekatika. Koili zako nzima. Mimi nashuku joto linavujia mlangoni. Oveni ikipoa, chukua kipande cha karatasi, kifungie mlangoni, kivute taratibu. Kikwame kidogo. Zungusha mlango wote, linganisha kulia na kushoto. Ukingo wa chini usikutishe, oveni nyingine huachwa wazi pale makusudi.

Salma: Mjomba mimi yangu haiunguzi, ila kila kitu kinachelewa kuiva. Maandazi ya oveni nusu saa nzima yamepauka tu

Mjomba Hamisi: Nakuja kwako Salma, zamu.

Rehema: Weeee. Kushoto karatasi inang'ang'ania. Kulia, kuanzia katikati kushuka, inateleza yenyewe. Nimechungulia: mpira unaoziba ukingo wa mlango umechomoka kwenye tundu pembe ya chini, umejikunja kwa ndani, na mafuta yamegandia juu yake.

Mjomba Hamisi: Ndiyo huyo mwizi. Zima swichi ya ukutani. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni, usisugue kwa nguvu, kausha, kisha rudisha kile kidoano kwenye tundu lake. Mpira ukiwa umekakamaa au umepasuka, tafuta mwingine wa modeli hiyohiyo. Usigundishe kwa gundi!

Shangazi: Na hilo bati Rehema, nimelikuza kwenye picha. Limegusa ukuta wa nyuma kabisa. Feni ipulize wapi? Acha vidole viwili kila upande. Tena jeusi, na bati jeusi linanyonya joto, kingo zinaungua kabla katikati hakujaiva. Halafu ukitumia feni, punguza nyuzi 20 kwenye zile za mapishi.

Mama: Mimi yangu natandika foili kwenye sakafu isichafuke, na inapika vizuri.

Shangazi: Wifi itoe hiyo! Inazuia joto la chini, na inaweza kugandia palepale usiibandue tena.

Mama: Mh. Haya.

Rehema: Nimerudisha mpira, nimejaribu mkate tena. Mbele kulia imepata rangi! Nyuma kushoto bado inatangulia kidogo.

Mjomba Hamisi: Kidogo hiyo ni kawaida, ni oveni chache zinazopika sawa kila kona. Theluthi mbili za muda zikipita, geuza bati, nyuma ije mbele. Mapema zaidi usifungue, keki itabonyea.

Juma: Slesi zangu ziko wapi sasa

Mjomba Hamisi: Salma. Weka kijiko cha sukari kwenye foili, kwenye wavu wa katikati, nyuzi 190, robo saa. Sukari huyeyuka kwenye nyuzi kama 186, kwa hiyo hapo lazima iyeyuke.

Salma: Haijayeyuka hata chembe

Mjomba Hamisi: Basi kitasa cha kuchagulia nyuzi kinakudanganya. Thermostati hiyo, kile kifaa kinachodhibiti joto, kazi ya fundi, usifungue mwenyewe.

Salma: Na nikimsubiri fundi nipike kwa ngapi?

Mjomba Hamisi: Weka sukari mpya, panda hadi 200. Ikiyeyuka, oveni inapungukiwa kama nyuzi 10, ziongeze kwenye kila mapishi. Isipoyeyuka, nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani, usome hicho, kitasa achana nacho.