Kipande cha mfupa kilichobanduka kifundoni: plasta au kiatu cha kufunga?

MkaaziWaLikoni
Assalam aleikum. Wiki iliyopita niliteleza nikishuka ferini, wayo ukapinda kwa ndani. Nilidhani nimeteguka tu, lakini eksirei imeonyesha kwamba kano la upande wa nje limevuta na kubandua kipande kidogo cha mfupa, ambacho hakijasogea. Daktari amenipa hiari ya plasta au kiatu kigumu cha kufunga na kufungua. Waliopitia, naomba ushauri wenu.

UmmuSaida
Pole sana, kaka. Mwanangu alikaa na plasta wiki 6 katika joto la Januari, na jasho na mwasho vilimtesa kuliko maumivu yenyewe. Hata hivyo hakuweza kuivua, na kwa mtoto asiyetulia hiyo ilikuwa faida kubwa. Kwa mtu mzima mwenye kufuata masharti ningechagua kiatu.

FizioNyali
Naafikiana na Ummu Saida. Kipande kidogo kisichosogea hupona vizuri ndani ya kiatu, kwa kawaida katika wiki 4 hadi 6, na wengi huruhusiwa kukanyagia mapema kwa magongo kadiri maumivu yanavyokubali. Upasuaji wa kutia skrubu huhitajika kipande kikiwa kikubwa, kikiwa kimesogea mbali, au kifundo kikiwa kimelegea. Lakini kipande kikibanduliwa na kano kuu la nyuma ya kisigino, hapo hapana kungoja, kwa sababu huisukuma ngozi kutoka ndani hata ikaweza kufa.

MzeeWaKuze
Mimi nilikandwa kwa mafuta siku 9, kwa kuwa niliweza kukanyaga. Picha ilipopigwa, kipande kilikuwa kimesogea, nikatiwa skrubu. Wakandaji wetu nawaheshimu, lakini mfupa wa kifundo ukiuma unapobonyezwa, au hatua 4 zikikushinda, tangulia kwenye eksirei, mwanangu.

MkaaziWaLikoni
Shukrani, mzee wangu. Nimechagua kiatu. Je, nikivue nikilala?

FizioNyali
Usikivue mpaka daktari wako aseme, na ukilala uinue mguu juu ya mto. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, au tafu likivimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyo hiyo.