Tupeane uzoefu: Ulipeleka chakula gani pikiniki, bakuli likarudi tupu?

Sahani Nzito
Habari za muda huu wakuu. Joto limeanza, na mialiko ya pikiniki nayo inamiminika. Kila mwaliko una kile kisentensi cha mwisho: "uje na chochote." Hicho "chochote" ndicho kilichoniponza Jumapili iliyopita.

Nilipika lasanya. Nyama imechemka na nyanya muda wa saa mbili, mchuzi mweupe nimeukoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Njiani nimeipakata kama mtoto mchanga. Kufika, watu wamekaa kwenye nyasi, visu hakuna, sahani ni za karatasi. Aliyejitosa wa kwanza alichota kwa kijiko, sahani ikajikunja katikati, lasanya ikamtua gotini. Wenzake wakamtazama, kisha wote kimyakimya wakahamia kwenye bakuli la mayai ya kuchemsha. Mayai, wakuu! Na chumvi na pilipili manga kwenye kikaratasi. Hata dakika kumi hayakufika. Mimi nimerudi na lasanya robo tatu, tumeila mpaka Jumatano.

Tupeane uzoefu basi. Ulipeleka nini ambacho hakikukutoa jasho na kikaisha? Waliochemka nao waje, tucheke pamoja.

Mvivu Mtaratibu
Pole sana mkuu, ila hilo goti limenichekesha.

Kanuni yangu mimi ni moja: chakula kiliwe kwa mkono mmoja mtu akiwa amesimama, maana mkono wa pili umeshika kinywaji. Ukiona kinahitaji kisu, uma na meza, kibaki nyumbani.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa tikiti maji, na huwa nalikata kabla ya kuondoka. Somo hilo nililipata siku niliyolibeba zima. Tulikaa mlimani kidogo, nikaliweka chini nitafute kisu, likaanza safari. Watu watano tukalikimbiza. Lilipasukia kwenye jiwe, na sisimizi ndio walioshangilia.

Sasa hivi nalikata nusu, naulaza upande mwekundu chini, napitisha kisu mistari ya upana wa vidole viwili, kisha mistari mingine inayokatiza. Unapata vijiti virefu, kila kimoja kina kipande cha ganda chini, mtu anashika hapo na kula kuelekea chini kama barafu ya kijiti. Mikono hailoi sana. Ndimu na chumvi kidogo juu, basi. Ila lioshe kwanza ganda lake, maana kisu kinachopita juu ya uchafu kinaupeleka ndani.

Ganda la Pili
Mimi ndiye mtu wa mayai (siyo yale ya kwako mkuu, ya kwangu ni mengine). Siri haiko kwenye mapishi, iko kwenye umri wa yai. Yai lililokaa kama wiki moja humenyeka vizuri kuliko la leo. Nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 11, halafu moja kwa moja kwenye maji ya barafu. Ukiyasahau motoni, kiini kinavaa pete ya kijani. Si sumu, ni chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya ute, lakini nani atakuelewa ukianza kueleza hayo kwenye nyasi?

Nayapeleka na maganda yake. Ganda ndilo kifungashio, na watoto wanapenda kumenya. Beba mfuko wa kutupia.

Baba Pacha
Saladi ya viazi. Najua mtasema imezoeleka, lakini hebu nisikilizeni, maana wengi wanaiharibu mahali pamoja.

Viazi vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, vikiwa na maganda. Vikiiva, menya na ukate vingali vya moto kabisa, vidole viungue kidogo, kisha hapohapo nyunyizia siki. Kiazi cha moto kinanyonya siki mpaka ndani. Ukisubiri kipoe, siki inabaki nje na ndani kiazi hakina ladha yoyote. Baada ya hapo ndipo mafuta, haradali kijiko kimoja, kitunguu kilichokatwa kidogokidogo, hoho, na majani yoyote mabichi uliyonayo. Mke wangu aliwahi kunikimbiza niweke siki baada ya kupoa kwa sababu wageni wanasubiri. Ile saladi ilirudi nusu. Hatujaongelea tena.

Mayonezi siweki. Juani inaua watu.

Jiko Na. 4
Baba Pacha, hapo kwenye mayonezi umeionea. Mimi napika kwa ajili ya watu wengi, ndiyo kazi yangu. Mayonezi ya dukani ina siki ya kutosha, vijidudu havistawi humo kirahisi. Ile ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ndiyo ya kuogopa. Mara nyingi kinacholeta balaa ni kile kiazi au kuku aliyechanganywa nayo, aliyeshikwashikwa na mikono halafu akakaa kwenye joto.

Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa 2, na kama hali ya hewa imepita nyuzi 32, saa 1 tu. Kwa hiyo viazi vyako visivyo na mayonezi navyo viwe kwenye barafu, mzee.

Lakini nikiulizwa mimi chakula cha kuogopa pikiniki, nitasema wali. Kuna shughuli nilialikwa kama mgeni, mtu akaleta wali aliopika usiku, ulilala kwenye sufuria juu ya jiko, asubuhi akaupasha na kuuweka kwenye hotipoti. Ulikuwa mzuri kwa macho na kwa pua. Jioni watu sita walikuwa wanapokezana choo. Kuna bakteria kwenye mchele ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo kuipasha moto hakuiondoi. Ukitaka kupeleka wali, upike siku hiyohiyo uliwe wa moto, au uupoze haraka kwenye sinia pana na uingie friji.

Barafu nayo: gandisha chupa za maji ya kunywa, zipange ndani ya boksi. Zinapoza chakula, na zikiyeyuka mnakunywa. Vinywaji vingine viwe na boksi lake peke yake, maana hilo hufunguliwa kila dakika.

Mkate Mzima
Jiko Na. 4 umeniharibia hamu ya wali mwaka mzima 😂

Mimi nachukua mkate mmoja mkubwa wa mviringo, wenye ganda gumu. Naukata kama naufungua kitabu, natoa kidogo ile sehemu laini ya ndani, chini na juu. Ndani napaka siagi mpaka ukingoni kabisa, hiyo ndiyo inayozuia mkate kulowa. Kisha jibini, hoho zilizochomwa na kumenywa, kuku aliyechambuliwa, majani, kachumbari ya matango iliyokamuliwa maji. Naufunga mkazo kwenye karatasi, naingiza friji, naweka sufuria nzito juu yake usiku kucha. Asubuhi umekuwa bapa na umeshikana kama tofali. Unaukata pembetatu pembetatu, kila kipande kina tabaka zake, hakuna kinachodondoka. Mara ya kwanza niliweka nyanya bila kutoa mbegu. Tulikula uji wenye ganda.

Sukari Guru
Keki ya chokoleti, saa saba mchana, juani. Sina la kuongeza. Pelekeni biskuti kavu.

Mla Majani
Naomba niseme kwa niaba ya tusiokula nyama. Kila pikiniki tunaambiwa "kuna saladi," ukifika saladi ina vipande vya kuku. Siku hizi nabeba changu: maharage yaliyoiva vizuri lakini hayajapasuka, kitunguu chekundu, mahindi, hoho, ndimu, mafuta, chumvi. Nafanya usiku, kesho yake ni tamu zaidi. Kichekesho ni kwamba wala nyama ndio wanaoimaliza, mimi nabaki na kijiko.

Na tafadhalini, andikeni kilichomo. Kipande cha karatasi ya gundi juu ya mfuniko, kalamu, umemaliza. Mdogo wangu hali karanga, akila anavimba koo. Kuna mtu alisaga karanga kwenye mchuzi wa saladi na hakusema, alitaka "tubahatishe wenyewe." Tulibahatisha hospitali.

Ganda la Pili
@Mla Majani poleni sana. Na kijiko cha kupakulia! Kila mtu analeta bakuli, hakuna anayeleta kijiko. Niliwahi kuona saladi ya makaroni ikipakuliwa kwa kifuniko cha chupa.

Baba Pacha
Makaroni nayo hunywa mchuzi ikikaa. Nusu ya mchuzi ichanganye ukiwa nyumbani, nusu nyingine ukifika, la sivyo inakuwa kavu kama kamba.

Na kuhusu mayonezi, Jiko Na. 4, nimekusikia. Bado siweki.

Sahani Nzito
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Jana tulikuwa na pikiniki nyingine. Nilisoma uzi wote, nikaamua nisijitese: mayai 24 ya wiki moja, dakika 11, maji ya barafu, maganda yamemenyeka kama yanavuliwa koti. Nikayapanga, nikabeba chumvi, pilipili manga, mfuko wa maganda, na kijiko cha kupakulia ambacho hata sijui kingepakua nini.

Nafika, natoa bakuli langu kwa madaha. Jirani yangu naye anafunua lake: mayai. Shemeji yangu naye: mayai. Halafu akaja yule aliyemwagikiwa lasanya yangu gotini. Ana hotipoti kubwa. Nikamuuliza kuna nini humo, akanitazama kwanza, kisha akafungua taratibu.

Yalikuwa 30, na pete zote za kijani.

Mkate Mzima
Sasa mkuu, hakuna aliyeuliza mwenzake analeta nini?

Sahani Nzito
Tuliambiwa tulete chochote.