Ree (karata ya A) angalau moja kwa karata tatu: 5,100 au 4,804?

Baba wa Baraza, Kibokoni:
Asalaam aleikum. Barazani kwetu tunagawana karata tatu tatu (pesa haimo, msinianzie kamari). Ubishi ukazuka: nafasi ya kupata ree angalau moja ni ngapi? Mpwa wangu yuko chuoni, akashika kalamu. Karata 52, mafungu ya tatu tatu bila kujali ipi ilitangulia ni 52×51×50÷6 = 22,100. Sawa. Halafu akasema: chagua ree moja kati ya nne, kisha mbili zozote kati ya 51 zilizobaki, 4×1,275 = 5,100. Jirani na simu yake kaleta 4,804. Nani kazidisha?

Likoni_Ng'ambo:
Ami, kijana kazidisha. Chukua ree ya kopa, ree ya shupaza na saba ya uru. Kwa hesabu yake fungu hilo laingia akianza na kopa, laingia tena akianza na shupaza. Mafungu yenye ree mbili ni 6×48 = 288, yote yamehesabiwa mara mbili. Yenye ree tatu ni manne, kila moja mara tatu, ziada 8. Toa 296 kwenye 5,100 uone.

Mwalimu wa Zamu:
Yote hayo ya nini? Hesabu mafungu yasiyo na ree: 48×47×46÷6 = 17,296. Toa kwenye 22,100, zabaki 4,804. Asilimia 21.7, basi.

Kijana wa Majengo:
Mie nimejumlisha tu 4/52 mara tatu, 12/52, asilimia 23. Sioni ubaya.

Likoni_Ng'ambo:
Ndo 5,100 ile ile hiyo, imebadili kanzu tu. 12/52 ni wastani wa ree utakazoshika, si nafasi ya kushika. Kwa njia yako anayegawiwa karata 13 ana 52/52, hakosi ree katu! Na ukweli ni kwamba hukosa kabisa karibu mara 30 katika 100.

Baba wa Baraza, Kibokoni:
Mpwa kakubali, kwa shingo upande. Ila sisi joka mbili hatuzitoi, karata zetu ni 54.

Mwalimu wa Zamu:
Ungesema mapema, yakhe! Mafungu yote 24,804, toa 19,600 yasiyo na ree, ni 5,204. Asilimia 21 kasoro kidogo.