Naomba ushauri: tabini ya mkondo wa bahari inayofundisha wageni na wanafunzi

Wadau, naombeni ushauri kuhusu kijiji cha pwani kinachotaka tabini ndogo ya mkondo wa maji (mashine inayozungushwa na mkondo ili kuzalisha umeme) iwashe taa na friji ya samaki, na pia ifundishe wanafunzi na wageni.

Rota, yaani sehemu yenye mapanga inayozunguka, ina kipenyo cha mita 2. Kwa ufanisi wa asilimia 35, mkondo wa mita 1 kwa sekunde unatoa takriban wati 560. Ukifika mita 2 kwa sekunde, ni karibu wati 4,500, kwa sababu nguvu hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nane. Kwa hiyo bamvua (siku za mikondo mikali) inajaza betri, lakini maji mafu (siku za mikondo dhaifu) yanaziacha na njaa. Je, tuongeze betri au sola? Mimi naegemea sola.

Shida ya pili ni ratiba. Kila baada ya saa 6 na dakika 12 hivi maji husimama kabla ya kugeuka, na mgeni akifika wakati huo anakuta rota imelala. Ziara zifuate jedwali la maji, hata kama saa zinabadilika kila siku?

Kutu nayo: boliti ya chuma cha pua kwenye fremu ya alumini hula alumini kuzunguka tundu. Tumepanga vikingio vya plastiki vya kutenganisha metali hizo, na vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya alumini. Zinki ikaguliwe kila baada ya muda gani? Na nani kafanikiwa kuwaonyesha watoto rota inayozunguka bila kuwasogeza karibu na mkondo?